CHETI CHA MTOTO NA MLANGO WA CHUO KIKUU



Katika nyumba nyingi za pwani yetu, ndugu wa tumbo moja wametengwa na mpaka wa nchi mbili. Mmoja yuko Tanga na mwingine yuko Mombasa; arusi huwakutanisha na matanga huwakutanisha, na watoto wao hukua wakijuana kama watoto wa ua mmoja. Natuchukue mfano wa nyumba kama hiyo. Binamu wawili wamekutana arusini, na umri wao wakaribiana. Yule wa Tanga amemaliza kidato cha 6, na yule wa Mombasa amemaliza kidato cha 4. Wote wawili wamefaulu vizuri, na wote wataka kusomea udaktari. Bibi yao, mwenye furaha ya kuwaona wajukuu wamekwenda mbele, awauliza: "Haya, wanangu, nani katika nyinyi aliyesoma zaidi?"

Wa Tanga ahesabu miaka, asema: "Mimi, bibi. Nimekaa skuli miaka 13, na huyu 12." Wa Mombasa ahesabu masomo, asema: "Mimi, bibi. Nimetahiniwa katika masomo 8, na huyu katika masomo makuu 3 tu." Wote wawili wasema kweli, na bibi abaki hana jawabu.

Sisi twaona kuwa swali la bibi huyu si la mzaha. Ndani yake mna ada za miaka mingi, mna mashamba yaliyouzwa na vidani vilivyowekwa rehani, na mna miaka ya kijana ambayo ikipita hairudi. Mzazi aliyemsomesha mwanawe kwa taabu huja akaambiwa kwenye mlango wa chuo kikuu cha nchi nyingine kwamba cheti hiki hakitoshi. Hufikiri kuwa amedhulumiwa, au kuwa mwanawe hakusoma. Mara nyingi si hivi wala si vile. Jambo lenyewe ni kwamba kila taifa limejiwekea kipimo chake cha kumjua aliye tayari kuingia chuo kikuu, na vipimo hivyo havilingani. Katika makala haya twataka kuvieleza kwa kadiri ya nafasi yetu, ili mzazi ajue mapema kile ambacho wengi hukijua kwa kuchelewa.

ASILI YA NJIA ZETU

Zamani za utawala wa Kiingereza, Afrika Mashariki yote ilitahiniwa na Cambridge. Wazee wetu waliomaliza kidato cha 4 walijulikana kwa jina la "Senior Cambridge", na jina hilo lilikuwa na heshima kubwa mjini. Aliyeendelea alisoma miaka 2 zaidi, kisha akaomba nafasi Makerere. Chuo hicho kilianza mwaka 1922 kikiwa skuli ya ufundi, na mwaka 1949 kikafungamana na Chuo Kikuu cha London. Tangu mwaka 1963 mpaka 1970 palikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, chenye matawi yake Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Siku hizo kijana wa Tanga na kijana wa Mombasa walipimwa kwa mizani moja, na swali la bibi lisingalitokea.

Lakini mizani ile haikudumu. Tanzania ilijitoa katika baraza hilo mwaka 1971, na mwaka 1973 ikaunda baraza lake lenyewe, ndilo NECTA. Kenya ikaunda lake mwaka 1980, na Uganda mwaka 1983. Hata hivyo Tanzania na Uganda ziliendelea na mpango ule ule wa zamani: miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha 5 na cha 6, kisha chuo kikuu kwa miaka 3 au zaidi.

Kenya ndiyo iliyogeuza njia. Mwaka 1981 halmashauri iliyoongozwa na Colin Mackay, mtaalamu kutoka Kanada, ilipendekeza mpango wa 8-4-4, na mwaka 1985 mpango huo ukaanza. Nia yake ilikuwa mtoto asitoke skuli na maneno ya vitabu peke yake, bali awe pia na kazi ya mikono ya kumsaidia maishani. Vidato vya 5 na vya 6 vikaondolewa. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989.

Hapa twamwomba msomaji asimame kidogo, ahesabu pamoja nasi. Miaka 2 iliyoondolewa haikupotea: mmoja uliongezwa katika skuli ya msingi, na mmoja ukaongezwa chuo kikuu. Mtanzania husoma miaka 7, na 4, na 2, na 3. Jumla yake ni 16. Mkenya wa mpango huo husoma miaka 8, na 4, na 4. Jumla yake pia ni 16. Hata katika udaktari hesabu ni hiyo hiyo. Tanzania na Uganda humsomesha daktari kwa kawaida miaka 5 baada ya kidato cha 6, na Kenya humsomesha miaka 6 baada ya kidato cha 4. Kila upande ni miaka 18 tangu mtoto aingie darasa la kwanza. Safari ni moja na urefu wake ni mmoja. Kilichotofautiana ni mahali ulipowekwa mlango.

MLANGO MPANA NA MLANGO MWEMBAMBA

Pamoja na mahali pa mlango, upana wake nao watofautiana. Mtoto wa Tanzania akiingia kidato cha 5 huchagua tahasusi, au kombinesheni kama wanafunzi wenyewe wapendavyo kuiita: Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa mfano, au Historia, Jiografia na Kiswahili. Husoma masomo hayo matatu kwa kina miaka 2. Ili aingie chuo kikuu, sharti la kawaida ni afaulu masomo makuu 2 kwa jumla ya pointi 4 au zaidi, kwa hesabu ya A kuwa pointi 5 na E kuwa pointi 1. Lakini hilo ni sharti la chini tu. Kila fani ina masharti yake zaidi, na anayetaka udaktari hana budi kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Uganda nako huhesabiwa masomo makuu 2 yaliyofaulu katika mtihani mmoja, juu ya cheti cha kidato cha 4.

Mtoto wa Kenya aliyesoma mpango wa 8-4-4 hubeba masomo 7 au 8 mpaka siku ya mwisho: Kiingereza, Kiswahili na Hisabati, pamoja na sayansi na mengineyo. Huhesabiwa wastani wake, na sharti la kuingia digrii ni C+. Kisha hutazamwa masomo 4 yanayohusiana na fani aitakayo.

Basi mmoja amechimba kisima kirefu, na mwingine amelima shamba pana. Nani amesoma zaidi? Hilo latakiwa liulizwe kwa yule atakayewapokea.

MATAIFA MENGINE YAFANYAJE?

Mtu asidhani kuwa hitilafu hizi ni za Afrika Mashariki peke yake. Uingereza yenyewe haina njia moja. England, mtihani wa A-level, ulioanzishwa mwaka 1951, huwa kwa kawaida wa masomo 3, na digrii ni miaka 3. Lakini ukivuka ukaingia Scotland, mwanafunzi hufanya mtihani mwingine uitwao Highers kwa masomo mengi kidogo, aweza kuingia chuo kikuu mapema zaidi, na digrii yake kamili ni miaka 4. Waskoti na Waingereza wamekaa na tofauti hiyo chini ya mfalme mmoja.

Ufaransa ina baccalauréat, mtihani uliowekwa mwaka 1808 katika zama za Napoleon. Mfaransa huona kuwa hakuna aliyeelimika asiyeweza kupanga hoja. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa mkondo wa jumla, hata anayetaka hesabu na fizikia, hukaa saa 4 akiandika juu ya swali moja la falsafa. Alama ni kati ya 20, na mwenye 10 amefaulu. Tangu mwaka 2021, alama 40 katika kila 100 hutokana na kazi ya darasani ya miaka 2 ya mwisho, na 60 hutokana na mitihani ya mwisho.

Ujerumani imekwenda mbali zaidi katika fikira hiyo. Cheti chake, Abitur, ambacho asili yake ni Prussia mwaka 1788, hakipatikani kwa mtihani wa siku chache tu. Thuluthi 2 za alama ni za miaka 2 ya mwisho skulini, na thuluthi 1 ndiyo ya mitihani. Mtoto aliyeugua siku ya mtihani hapotezi yote, na mvivu aliyekesha wiki moja hapati yote. Mgeni ambaye cheti chake hakikuhesabiwa kuwa sawa na Abitur hafukuziwi mbali. Aweza kusoma kwa kawaida mwaka 1 katika chuo cha matayarisho kiitwacho Studienkolleg, afanye mtihani wake, ndipo aingie chuo kikuu.

Marekani haina kabisa mtihani mmoja wa taifa wa kumaliza sekondari. Skuli hutoa cheti chake baada ya miaka 12. Chuo kikuu hutazama alama za miaka 4 ya mwisho, pengine pamoja na mtihani wa SAT, ulioanza mwaka 1926, au wa ACT, ulioanza mwaka 1959. Digrii ni miaka 4, na sehemu ya miaka ya mwanzo ni ya masomo ya jumla.

Katika haya yote twajifunza neno moja. Cheti cha sekondari ni mfano wa ahadi baina ya skuli za taifa na vyuo vikuu vya taifa lilo hilo. Skuli zasema: tutamfikisha mtoto hapa, na vyuo vyasema: nasi tutampokea hapo na kumwendesha mbele. Cheti kikivuka mpaka, huwa kimefika kwa watu wasiokuwamo katika ahadi hiyo. Hawakulazimika kukikataa, lakini pia hawakulazimika kukikubali. Nao huuliza, na wana haki kuuliza, ni nini kilichomo ndani yake.

HASARA YA PANDE ZOTE MBILI

Sasa turudi kwa binamu zetu. Tuseme yule wa Mombasa ataka kusoma Tanzania au Uganda, kwa kuwa ada ni nafuu au kwa kuwa ana mjomba huko. Aonyeshapo cheti chake cha kidato cha 4, huulizwa: miaka 2 ya kidato cha 5 na cha 6 iko wapi? Yeye ajibu kwamba kwao miaka hiyo haipo, na kwamba angekuwa Nairobi angekwisha kuingia chuoni. Jawabu lake ni la kweli, lakini digrii ya huko imepangwa kwa mtu aliyekwisha kusoma miaka 2 hiyo. Kwa hiyo mara nyingi hutakiwa kuongeza masomo ya kati, au diploma, kabla hajapokelewa.

Yule wa Tanga naye akitaka kusoma Kenya hupokelewa, kwani vyuo vikuu vya huko bado vyawakubali wenye kufaulu masomo makuu 2 ya kidato cha 6. Lakini hukuta kuwa digrii ambayo kwao ingekuwa miaka 3 ni miaka 4, na asiposamehewa mwaka wa kwanza atakuwa amesoma miaka 17 badala ya 16. Hakuna aliyemdhulumu mwenziwe. Lakini mtoto mmoja amerudi nyuma na mwingine amepiga hatua mahali pale pale, na aliyelipa ni mzazi.

Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliliona jambo hili, na mwaka 2017 walitangaza kuwa nchi zao ni eneo moja la elimu ya juu. Hiyo ni nia njema, nasi twaiunga mkono. Lakini mzazi mwenye mtoto wa kidato cha 4 hivi leo asimsafirishe kwa tangazo. Na aulize kwanza sharti la chuo chenyewe.

Tena yafaa ijulikane kuwa Kenya imegeuza njia mara ya pili. Katika mpango mpya mtoto husoma miaka 2 ya awali, 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini na 3 ya sekondari ya juu, kisha elimu ya juu isiyopungua miaka 3. Watoto wa kwanza wa mpango huo waliingia gredi ya 10 mwaka 2026, na KCSE ya zamani imepangwa kufanywa mara ya mwisho mwaka 2027. Mtoto akimaliza gredi ya 9 huingia katika mojawapo ya njia tatu: sayansi na ufundi, elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Yaani uchaguzi ambao mtoto wa Tanzania huufanya akienda kidato cha 5, mtoto wa Kenya sasa aufanya akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Mzazi asiyekuwapo siku hiyo amechaguliwa na wengine.

WANAOKWENDA VYUO VYA DINI

Wako pia wasomaji wetu wengi ambao watoto wao wamesoma katika maahadi, nao wamekusudia Misri au Madina. Kwa hao pia sheria ni ile ile. Al-Azhar ina skuli zake za sekondari zenye cheti chake, mbali na kile cha skuli za serikali ya Misri kiitwacho Thanawiya Amma. Nayo, kwa sheria ya mwaka 1961, ilipanuliwa ikawa na vitivo vya udaktari na uhandisi pamoja na vile vya dini. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilianzishwa mwaka huo huo wa 1961. Vyote viwili havimpokei mtu kwa sababu tu ametoka maahadi; hutazama kama cheti cha maahadi hiyo kimekubaliwa kuwa sawa na cha sekondari yao, jambo ambalo kwa Kiarabu huitwa muadala. Maahadi moja yaweza kuwa nayo na jirani yake isiwe nayo, hata kama walimu ni wazuri sawasawa.

Tena kuna upande wa pili ambao husahauliwa. Kijana atarudi. Akirudi na digrii yake, mwajiri wa serikali atataka ithibitishwe na mamlaka ya nchi. Pengine ataulizwa hata cheti cha sekondari kilichompeleka. Kwa sababu hii sisi twaona kuwa mtoto wa maahadi afanye pia mtihani wa taifa wa sekondari kila inapowezekana. Haumpunguzii chochote katika dini yake, na humfungulia milango miwili badala ya mmoja. Wala asidhani kwamba hana pa kwenda ila ng'ambo. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, kiko hapa hapa kwetu.

MASWALI MANNE YA MZAZI

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mzazi aliye na mtoto skulini, kabla hajalipa hata senti moja ya safari, na aulize haya.

Kwanza: mwanangu ataka kusoma nini, na fani hiyo yataka masomo gani? Aliyeacha Kemia mapema hawezi kuwa daktari kwa dua ya mama yake peke yake. Swali hili huulizwa kabla ya kuchagua masomo, si baada ya majibu ya mtihani.

Pili: cheti atakachokipata ni cha miaka mingapi, na chuo tukitakacho chataka miaka mingapi? Hesabu hii kila mzazi aweza kuifanya kwa vidole.

Tatu: ni nani mwenye mamlaka ya kusema kuwa vyeti viwili ni sawa? Tanzania, cheti cha sekondari cha nchi nyingine hulinganishwa na NECTA. Uganda, na baraza la mitihani UNEB. Kenya, kazi ya kulinganisha sifa za elimu ni ya KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Si wakala wa safari, wala si rafiki aliyewahi kusoma huko. Jawabu lao liwe la maandishi.

Nne: akimaliza, je, digrii hiyo itakubaliwa nyumbani kwa kazi aitakayo? Kwa udaktari, sheria na uhandisi, yafaa kuuliza pia baraza la kazi yenyewe, kwani laweza kuwa na mtihani wake.

Aliyeuliza manne haya mapema, hata akiambiwa "hapana", amepata faida. Kwani "hapana" ya leo ni rahisi kuliko "hapana" ya baada ya miaka 2 na nauli ya ndege.

Basi tumjibu nini yule bibi? Sisi tungemwambia hivi: Bibi, wajukuu zako wote wamesoma. Huyu amekwenda ndani zaidi katika mambo machache, na huyu amezunguka zaidi katika mambo mengi, na kila mmoja amefika pale ambapo chuo kikuu cha kwao chamngoja. Ukitaka mmoja wao apitie mlango wa nchi nyingine, usimlaumu kwa alichosoma. Mwite baba yake, mkae pamoja, muulize mlango huo wataka nini. Nalo lifanyike sasa, maadamu wageni wa arusi hawajatawanyika, na mjomba wa Tanga na ami wa Mombasa wamekaa kwenye mkeka mmoja.